Diski tatu, inayoonekana moja: kisa cha kompyuta iliyoundwa Langoni, Lamu

Kasha lilikuja begani mwa hamali, limefungwa kanga kuukuu, na nyuma yake kijana wa jirani akitembea kama mtu anayetoka mazikoni. Akaliweka dakani kwangu, akapangusa jasho.

"Sabalkheri, ami. Nimeiunda mwenyewe. Inawaka, feni zinazunguka, lakini diski hazionekani."

"Hazionekani na nani?"

Alinitazama akidhani namtania. Sikuwa namtania. Diski inaweza isionekane kwa sababu umeme haujaifikia, ikawa imelala tu. Inaweza kuwa macho lakini mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, haijaipa njia ya kupitisha data. Inaweza kuonekana vizuri kwenye BIOS, programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, ila Windows isiipe herufi, mwenyewe akafungua orodha ya diski akaona patupu. Kwa mwenye kompyuta yote hayo ni neno moja, "haionekani". Kwa fundi ni maradhi mbalimbali, na dawa ya moja haigusi jingine. Huyu bwana mdogo, kama nilivyokuja kujua siku ya pili, alikuwa nayo yote kwa pamoja, na yote matatu yameikalia diski moja.

Kijana hurekodi harusi, na kila Mfungo Sita hurekodi Maulidi: kirumbizi cha fimbo, mashindano ya punda, watu waliojaa uwanjani. Video zimemjaa kwenye diski za mkononi hadi hajui ipi ina nini. Akajichanga, akanunua vipande Mombasa kwa muda wa miezi, kimoja kimoja, vikaja kwa basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti. Prosesa ni Core i5-10400. Mazabodi ni ya chipseti B560. RAM gigabaiti 16. Diski zilikuwa tatu: SSD mpya (diski ya chipu, yenye umbo la kadi) ya NVMe, lugha ya data ya kasi, ya gigabaiti 500, aliyotaka iwe ya Windows, SSD ndogo ya M.2, yaani umbo hilohilo la kadi, ya gigabaiti 256 aliyoitoa kwenye laptopu yake iliyovunjika kioo. Na diski kubwa ya inchi 3.5 ya terabaiti 8, mtumba, iliyotoka kwenye kituo cha data huko ng'ambo. Hii ya mwisho ndiyo aliyoipata kwa bei ya kuchekesha, na muuzaji alimwapia kwamba ni nzima.

Tukaiwasha. BIOS ikaonyesha ile ya gigabaiti 256 peke yake. Hiyo ilikuwa na Windows ya muda, na kompyuta ilifunguka nayo bila tatizo.

Sasa nieleze makosa yangu kabla sijaeleza ya mwingine. Sisi wa Lamu tuna mshtakiwa mmoja wa kila kesi: chumvi. Redio ikikwaruza ni chumvi, feni ikikwama ni chumvi, kitasa kikigoma ni chumvi. Na ni kweli mara nyingi. Nimefungua mashine zilizokaa mwaka mmoja karibu na bahari nikakuta pini zimeota ukungu wa kijani. Lakini vipande hivi vilikuwa na siku chache tangu vitolewe kwenye mifuko yake. Haidhuru, nikavisafisha. Nikasugua miguu ya zile M.2 kwa pamba na spiriti, nikabadilisha kebo ya SATA (njia ya kawaida ya kuunganisha diski) ya diski kubwa kwa ninayoiamini, nikaihamisha kutoka poti ya 2 kwenda poti ya 1. Hakuna. Nikairudisha poti ya 2, kwa kuwa kijana alikwisha kuzipanga nyaya zake kwa unadhifu na sikutaka kumvurugia.

Huko kuirudisha ndiko kulikotula siku nzima. Nitaeleza.

Nikaja kwenye zile M.2. NVMe ilikuwa sloti ya kwanza, ile iliyo juu karibu na prosesa, yenye kifuniko cha bati cha kupooza joto. Ile ndogo ilikuwa sloti ya pili, chini. Nikazibadilisha. NVMe ilipokaa sloti ya pili ikaonekana mara moja, jina lake na ukubwa wake. Ile ya laptopu ilipokaa sloti ya kwanza ikapotea. Nikatikisa kichwa kama daktari. "Sloti ya kwanza imekufa, mwanangu. Na hii diski kubwa nayo sina hakika kama iliwahi kuwa hai." Nikarudisha kila kitu kilipokuwa, ili angalau ifunguke na Windows yake.

Kijana akapiga simu dukani papo hapo. Akaambiwa airudishe mazabodi watazame. Hebu fikiria: kufungua kila kitu, kufunga upya, boti, basi, kungoja, basi, boti. Mamake aliyekuwa ametuletea mahamri na chai akaondoka na sinia bila kusema neno, na kimya chake kilinikera kuliko ambavyo maneno yangenikera.

Usiku nikalala na jambo moja kichwani: diski kubwa ilikuwa baridi na kimya. Diski ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huisikii kwa masikio tu. Ukiweka kiganja juu yake unahisi mtetemo, na ukiiinua kidogo ikiwa inazunguka inakupinga mkononi. Hii ilikuwa kama tofali. Diski isiyozunguka kabisa haina haja ya kujadiliwa kebo ya data wala poti. Hiyo ni kesi ya umeme. Nami mchana kutwa nilikuwa nabadilisha kebo za data.

Asubuhi nikaichukua, nikaichomeka kwenye doki yangu ya USB, ile yenye adapta yake ya volti 12. Ikaamka. Nikasikia sauti ya kupanda, polepole, kisha mlio wa vichwa kuanza kazi. Laptopu yangu ikaiona, terabaiti 8. Kwa hiyo ni hai, muuzaji hakusema uongo. Na pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, nayo nzima, maana waya uleule wa umeme niliuchomeka kwenye SSD yangu ya zamani ikafanya kazi. Diski nzima, pawasaplai nzima, zikikutana hazielewani.

Hapo ndipo nikakumbuka pini ya tatu.

Soketi ya umeme ya SATA ina pini 15. Tatu za mwanzo, zilizo upande wa soketi ya data, katika utaratibu wa zamani zilikuwa za volti 3.3. Zinazofuata ukiacha za ardhi ni za volti 5, na tatu za mwisho ni za volti 12. Zile za 3.3 hazikuwa na wateja wengi; diski nyingi zilijiendesha kwa 5 na 12. Mwaka 2016 ulipotoka utaratibu wa SATA 3.3, pini ya tatu ikapewa kazi nyingine: kuizima diski. Kwenye kituo cha data chenye maelfu ya diski, ikigoma moja, mtu hatumwi kwenda kuichomoa na kuichomeka. Seva hupeleka umeme kwenye pini ile, diski inazimika, umeme ukiondolewa inaanza upya. Ni akili nzuri. Lakini pawasaplai za nyumbani zilizo nyingi bado zinapeleka volti 3.3 hapo kwa mazoea ya zamani, wakati wote. Diski ya seva inaona umeme kwenye pini ya tatu, inatii, inakaa imezimwa maisha. Doki yangu hutoa volti 5 na 12 tu, ndiyo maana kwangu iliamka.

Si kila diski ya seva iko hivi, na si kila waya wa SATA una volti 3.3. Kwenye pawasaplai zenye nyaya za rangi unautambua: waya wa rangi ya chungwa ndio huo. Za kijana zilikuwa bapa, nyeusi zote, hazikuambii kitu.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni adapta ya kutoka soketi kubwa ya pini nne, Molex, kwenda SATA. Molex haina volti 3.3 kwa hiyo tatizo linaondoka lenyewe. Mimi siipendi dawa hii. Zile adapta za bei rahisi ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya zina sifa mbaya ya kuungua, nyaya zinagusana ndani ya plastiki na huoni. Ukilazimika, tafuta ile ambayo unaona kila waya umebanwa kwenye mguu wake. Ya pili ni kuziba pini yenyewe kwa utepe. Utepe wa umeme mweusi haufai. Ni mnene, gundi yake huyeyuka kwa joto na kusogea. Unaotakiwa ni ule mwembamba wa njano unaostahimili moto, na huo hauna haja ya kuagizwa Mombasa. Kila fundi wa simu pale njia kuu anao, wanafunikia vipande vya jirani wanapotumia kipuliza joto. Nikaenda kwa mmoja, akanikatia kipande cha urefu wa kidole, akakataa pesa.

Kijana alipoona nahangaika na mkasi na kibano akaleta wazo lake. Alikuwa na waya wa SATA wa pawasaplai nyingine, ya rafikiye, unaoingia vilevile kwenye tundu la pawasaplai yake. Tuujaribu? Nikaufungia kwenye saraka. Upande wa diski soketi zote za SATA ni sawa dunia nzima, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha kati ya toleo na toleo. Waya unaingia kwa ulaini kabisa, kisha volti 12 zinatua mahali pa volti 5, na diski inakuaga kwa harufu. Hili ndilo kosa pekee katika kisa chote ambalo lingeua kitu. Mengine yote yalikuwa ya kupoteza muda.

Nikakata utepe, nikaziba pini tatu za mwanzo kwa pamoja. Ile ya tatu peke yake inatosha, ila kukata utepe wa upana wa pini moja ni kazi ya sonara, na zile mbili za kwanza diski hii haizitaki. Tukaichomeka ndani ya kasha, tukawasha. Kiganja juu. Mtetemo! Kijana akapiga makofi.

BIOS: gigabaiti 256. Peke yake.

Nakiri nilikaa kitako. Diski inazunguka, kebo ya data nzima, na bado haipo. Kama ningekuwa peke yangu huenda ningeutoa ule utepe kwa hasira, nikasema dhana yangu ilikuwa batili, nikarudi kwenye chumvi. Na hapa ndipo penye mtego. Tumefundishwa tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisichosaidia tukirudishe. Ni kanuni nzuri pale penye hitilafu moja. Zikiwa mbili kwenye diski moja, kila dawa sahihi ukiitia peke yake inaonekana si dawa, nawe unaiondoa kwa mkono wako mwenyewe. Jana niliihamisha poti ya 1, ambayo kumbe ni poti nzuri, lakini diski ilikuwa imelala. Leo ipo macho, lakini nimeirudisha poti ya 2.

Kijana alikuwa na karatasi moja tu ya picha iliyokuja kwenye boksi. Kitabu chenyewe cha maelekezo kinapakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Akanunua bando, akakipakua kwenye simu, na tukaanza kusoma sehemu ya diski, yeye akikuza maandishi kwa vidole, mimi nimevaa miwani. Ukurasa mmoja ulitujibu maswali mawili.

Jibu la kwanza lilikuwa la poti. Sloti ya pili ya M.2 inapokea aina zote mbili, NVMe na SATA. Watu huchanganya hapa: M.2 ni umbo la kadi tu, halisemi kadi inazungumza lugha gani. Ile ya laptopu ya kijana ilikuwa ya SATA, ukiitazama miguuni ilikuwa na mikato miwili, wakati NVMe yake ilikuwa na mkato mmoja. Si sheria ya kuapia lakini mara nyingi huwa hivyo. Na kitabu kikasema: sloti ya pili ikikaliwa na M.2 ya SATA, poti ya 2 ya SATA haitumiki. Njia ni moja, wenye kuitaka wawili. Mazabodi haiungui, haipigi kelele, haiandiki onyo lolote kwenye kioo. Inamhudumia mmoja na mwingine anakaa gizani.

Jibu la pili lilikuwa la ile sloti niliyoizika jana. Sloti ya kwanza imeunganishwa moja kwa moja na prosesa. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 zina njia 20 za PCIe, barabara za data za kasi: 16 za kadi ya picha na 4 za sloti hii. Za kizazi cha 10 zina 16 tu. Mazabodi ya B560 inazipokea zote mbili, zinaingia soketi ileile ya LGA1200, kompyuta inawaka, kila mtu anafurahi, ila ukiweka ya kizazi cha 10 sloti ya kwanza ya M.2 haina mtu upande wa pili wa kuipokea. Core i5-10400: tarakimu mbili za mwanzo baada ya kistari zinakuambia kizazi. Imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali, kwamba sloti hiyo ni ya kizazi cha 11 tu.

Na jaribio langu la jana la kuweka ile ya laptopu sloti ya kwanza? Halikuthibitisha kitu. Sloti hiyo hupokea NVMe tu, kwa hiyo hata kwa prosesa ya kizazi cha 11 kadi ya SATA isingeonekana. Nilitoa hukumu ya kifo kwa ushahidi usio na maana, na kijana wa watu akapiga simu dukani kwa kunisikiliza mimi.

Akaipiga tena kufuta safari. Kwa haki, duka halikumdanganya. Prosesa ile na mazabodi ile zinafanya kazi pamoja, na bei ya kizazi cha 10 ilikuwa imeshuka. Ila mtu angemwambia kwa sentensi moja.

Baada ya hapo mkono ukaenda haraka. Ile ya laptopu ikatolewa. NVMe ikahamia sloti ya pili, na kwa kuwa si ya SATA, poti ya 2 ikawa huru. Nikaiacha diski kubwa pembeni kwanza, waya umechomolewa, tukasakinisha Windows kwenye NVMe ikiwa peke yake. Huo ni mwiko wangu: wakati wa kusakinisha diski moja tu ndani, la sivyo Windows inaweza kuweka sehemu yake ya kuanzia kwenye diski nyingine, na siku utakapoitoa hiyo nyingine kompyuta haiwaki, unaanza kisa kipya. Kisha tukaizima, tukaichomeka ile kubwa poti ya 2. BIOS ikaonyesha mbili.

Windows ikaonyesha moja.

"Ami!"

"Tulia. Sasa haionekani na Windows tu." Diski ilikuwa imefutwa kabisa kabla ya kuuzwa, haina hata jedwali la vigawanyo, yaani ramani ya sehemu zake. Windows inaijua, lakini haina cha kuipa herufi. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, ukaandika diskmgmt.msc, unaikuta imekaa chini huko, nyeusi, inangoja kuanzishwa. Dirisha likauliza MBR au GPT, aina mbili za jedwali hilo. Kidole cha kijana kilikuwa kinaelekea MBR kwa kuwa ndilo jina alilowahi kulisikia. Angepata terabaiti 2 tu na zilizobaki zingekaa pale hazitumiki, maana MBR haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo kwa diski za kawaida. GPT, kisha mfumo wa faili wa NTFS, kisha herufi D.

Ikatokea, na chini yake imeandikwa terabaiti 7.27.

"Wameniibia."

Hawakumwibia. Mtengenezaji huhesabu terabaiti kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Terabaiti 8 za boksi ni 7.27 za Windows, kila mahali, kwa kila mtu. Nikamwonyesha diski yangu ya terabaiti 1 inayoandikwa gigabaiti 931 ndipo akaridhika.

Kwa kuwa ni mtumba nikaipima pia kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ya diski yenyewe. Imefanya kazi saa 31,000 na ushei, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kupumzika, na sekta mbovu sifuri. Nikamwambia ni farasi mzuri lakini mzee. Video za Maulidi ziwe na nakala ya pili kwingine. Akaitikia kwa namna vijana wanavyoitikia.

Jioni ile alianza kunakili. Kadi ya kwanza ilikuwa ya kirumbizi, na fimbo zikawa zinagongana dakani hadi baada ya isha, watoto wa mtaa wamejaa mlangoni. Mamake alirudi na sinia. Safari hii alikaa.

Sloti ya kwanza ipo tupu chini ya kifuniko chake, itangoja siku atakayobadilisha prosesa. Ile M.2 ya laptopu alitaka kuifanya diski ya mkononi, akaninunulia kijikasha cha USB cha kuitilia. Nikakigeuza kusoma nyuma: cha NVMe tu. Kimerudi Mombasa na dereva wa basi kubadilishwa, na kadi yenyewe imo kwenye kopo langu la skrubu.